Wakiahidi kiwanda, uliza kuna nini kando yake

Waliokosa kufika wameomba niyaweke maneno haya hapa, basi nayaweka jinsi nilivyoyasema. Sitaji chama wala mtu, maana ahadi yenyewe tumeisikia kutoka kila upande: "Kila kaunti itapata kiwanda chake."

Ni ahadi tamu. Lakini hebu tulinganishe vitu viwili tunavyovijua sote.

Cha kwanza ni maua ya Naivasha. Nini kinayaweka pale tangu miaka ya 1970? Si jengo moja. Ni maji ya ziwa, vyumba vya baridi, malori yenye friji, mafundi wa mabomba, wauza dawa na mbolea, wakaguzi wa KEPHIS, na uwanja wa JKIA ambao lori linaufikia siku hiyo hiyo. Shamba moja likifungwa, fundi anavuka barabara anatafuta kazi kwa jirani. Hata mvuke wa Olkaria, ambako umeme ulianza kuzalishwa 1981, ulikuja kutumika kupasha joto vibanda vya waridi. Jambo moja likavuta lingine. Sisemi ni peponi, jamani. Mshahara wa wachumaji na hali ya ziwa ni mjadala mzito wa siku yake.

Cha pili ni pareto. Wazee wa Molo na Kuresoi mnajua. Kuna wakati Kenya ilitoa zaidi ya nusu ya pareto ya dunia, na kiwanda kilikuwa hapa hapa Nakuru mjini. Jengo lilikuwepo, mitambo ilikuwepo. Lakini mnunuzi alikuwa mmoja, bodi ya serikali, na malipo yalipoanza kuchelewa mkulima hakuwa na mlango mwingine wa kubisha. Akang'oa pareto akapanda waru. Tasmania, kule Australia, wakachukua soko. Kiwanda bila maua ya kusaga ni ghala tu.

Sasa tuje kwenye waru, kwa sababu hapo ndipo pesa ya umma inaenda kuamuliwa. Mnakumbuka Januari 2022, KFC waliishiwa chipsi humu nchini kwa sababu viazi vyao vilikuwa vinatoka nje na meli zilichelewa? Watu walicheka na kukasirika, wakati Mau Narok na Kinangop viazi viko shambani. Lakini viazi vya kukaanga kiwandani vinataka mbegu yake, na shangi tunayoipenda huota machipukizi upesi ikiwekwa ghalani. Kinachokosekana kwanza ni mbegu safi, ghala la baridi, na mkataba unaolipa kwa wakati.

Na waru haijui mpaka wa kaunti. Inatoka Molo, inavuka Nyandarua, inafika Bomet. Kaunti tatu zikijenga viwanda vitatu, vyote vitagombania gunia lile lile, na vitatu vyote vitafanya kazi nusu mwaka. Mimi naona heri kiwanda kimoja cha pamoja, na maghala yawe mengi, karibu na mashamba.

Najua mtu wa Ol Kalou ataniuliza, "Kwa nini kikae kwenu?" Ana haki. Katiba ya 2010 ilikabidhi kilimo kwa kaunti, na gavana anahesabiwa kura za kwake, si za jirani. Ndiyo maana mpango wa pamoja ni mgumu kuliko kukata utepe. Lazima kwanza wakubaliane ushuru unagawanywaje, na wakulima wa pande zote wawe na hisa kupitia vyama vyao vya ushirika.

Mkienda kwenye kikao cha maoni ya umma kuhusu bajeti, ulizeni mambo matatu: mzigo utatoka wapi mwezi ambao hakuna mavuno, mkulima atalipwa baada ya siku ngapi, na kaunti jirani inajenga nini.

Haya, maswali. Naanza na yule dada wa Kuresoi aliyeinua mkono tangu niliposema pareto.