Woolwich: Nani Hulipia Njia ya Mkato?

Leo tunaanzia kwenye mchezo wa kompyuta, Minecraft, ambao watoto na watu wazima hujengea dunia nzima kwa vipande vya mchemraba. Mwezi Oktoba 2010 waundaji wake, huko Sweden, waliongeza humo ulimwengu wa pili, wa moto na giza, uitwao Nether, pamoja na lango la kuingilia. Kwa lango hilo nataka tuutazame mji wa Woolwich, kusini mashariki mwa London, na mto Thames unaoutenga na ng'ambo yake. Hoja yangu ni hii: njia ya mkato haiondoi gharama ya umbali. Huihamisha tu kutoka bega hadi bega, na historia ya kivuko chochote ni historia ya nani alibebeshwa.

Tulitazame lango lenyewe kwa karibu. Hujengwa kwa obsidiani, jiwe jeusi linalopatikana maji yakikutana na lava, nalo halichimbiki ila kwa sururu ya almasi au iliyo ngumu zaidi. Fremu ndogo kabisa ina upana wa vipande 4 na urefu wa vipande 5. Pembe zikiachwa, vipande 10 vinatosha. Ukiiwasha kwa chuma na gumegume, katikati hujaa mwanga wa zambarau, na ukisimama humo kwa muda mfupi unajikuta upande wa pili. Faida yake ni kwamba kila kipande unachokwenda ndani ya Nether ni sawa na 8 katika dunia ya kawaida, hivyo safari ya vipande 800 inakuwa ya 100. Lakini jasho halijapotea. Limetangulia kwenye kutafuta almasi, na linaendelea ng'ambo, kwenye bahari za lava na viumbe wanaorusha mipira ya moto. Tena ipo kazi ambayo mchezaji mgeni huisahau: lango la pili. Aliye makini huchukua vipimo vya mahali anapotaka kutokea, akavigawa kwa 8, kisha akajenga lango ndani ya Nether papo hapo. Asipopiga hesabu hiyo, mchezo waweza kumuunganisha na lango la zamani lililo jirani, akaibukia kulekule alikotoka.

Sasa twende Woolwich ya karne ya 19. Ukingo wa kusini kulikuwa na Royal Arsenal, kiwanda kikubwa cha mizinga na risasi cha dola ya Uingereza. Ng'ambo, kaskazini, kulikuwa na bandari: Royal Victoria Dock iliyofunguliwa mwaka 1855 na Royal Albert Dock mwaka 1880, pamoja na viwanda vya Silvertown. Wafanyakazi walihitaji kuvuka. Upande wa magharibi wa London madaraja yaliyokuwa ya kulipia yalinunuliwa kwa fedha za umma na kuachwa huru, na walipa kodi wa mashariki walichangia. Wao wenyewe hawakuwa na daraja, maana daraja la chini lingezuia meli zinazopanda mto. Hapo ndipo palipouma: walikuwa wamelipia njia za wengine, huku za kwao wakizilipia tena mfukoni. Madai yao yalikubaliwa, na tarehe 23 Machi 1889 kivuko cha bure kilianza kazi, mhandisi wake akiwa Joseph Bazalgette, yuleyule aliyejenga mfumo wa majitaka wa London. Meli yake ya kwanza iliitwa Gordon, kwa jina la Jenerali Charles Gordon, mzaliwa wa Woolwich aliyeuawa Khartoum mwaka 1885.

Ukungu ulipotanda mtoni, kivuko kilisimama na kibarua akakosa ujira wa siku. Kwa hiyo Baraza la London likachimba njia chini ya mto. Will Crooks, fundi wa mapipa aliyekuja kuwa mbunge wa Woolwich, alikuwa miongoni mwa waliopigania njia hizo za waenda kwa miguu. Ile ya Woolwich ilifunguliwa tarehe 26 Oktoba 1912: urefu wa mita 504, kuta za vigae vyeupe, ngazi na lifti kila mwisho. Unashuka upande mmoja, unatembea chini ya meli zinazopita juu ya kichwa chako, unaibukia upande wa pili bila kulipa hata senti.

Atakayesema kwamba mchezo ni uchawi mtupu na njia ya chini ya mto ni saruji na chuma, ana haki kwa kiasi fulani: hakuna anayekufa kweli ndani ya Nether. Hata hivyo sharti ni moja kote kuwili. Midomo miwili ya njia lazima ipangwe kwa ajili ya anayepita, na kazi ya kuipanga humwangukia mtu kabla msafiri hajapiga hatua. Pingamizi zito zaidi ni la haki: kwa nini asiyevuka kamwe amlipie anayevuka kila siku? Jibu naliona kwenye bandari na Arsenal zenyewe. Waajiri walipata mikono, mji ukapata sukari na mizigo, na faida hiyo ilimfikia hata aliyekaa mbali na mto. Kumwachia kibarua peke yake gharama ya kufika kazini kulikuwa ni kumtoza kwa sababu ya mahali alipozaliwa.

Wasikilizaji wa Dar es Salaam mnaujua mjadala huu. Daraja la Nyerere la Kigamboni lilipofunguliwa mwaka 2016, magari yalitozwa ada, na wakazi wa ng'ambo wakalalamika kwa maneno yanayofanana sana na yale ya mashariki ya London. Mjadala huko Thames nao haujaisha. Tarehe 7 Aprili 2025 njia mpya ya magari chini ya mto ilifunguliwa Silvertown, na siku hiyohiyo ada ikaanza kutozwa humo na kwenye njia ya jirani ya Blackwall, iliyokuwa bure tangu 1897. Kivuko cha Woolwich, mbele kidogo mto unakoelekea baharini, bado hakitozi kitu, na sasa dereva wa mashariki anapiga upya hesabu ya mwaka 1889: foleni ya bure, au kasi ya kulipia.