Themu za Bure na Uchafu Unaorudi: Hali ya Tovuti za Biashara Ndogo Eastlands

Mada kwa warsha ya mafundi wa tovuti, Makadara, Nairobi



Nimeombwa nizungumzie ujenzi wa tovuti kwa mifumo huria ya kusimamia maudhui. Mnaifahamu, kwa hiyo sitakawia. Drupal ilitoka 2001, WordPress 2003, Joomla 2005. Zote ziko chini ya leseni ya GPL. Themu huipa tovuti sura, plagini huiongezea kazi, hifadhidata hutunza maandishi.

Ninalotaka tulijadili ni themu na plagini za kulipia zilizoondolewa kufuli la leseni, zinazopita mkono kwa mkono kwa flashi na Telegram. Fundi amepata kazi ya duka la fanicha la Jogoo Road au shule ya Donholm. Malipo ni haba, themu inauzwa kwa dola, na mteja ana haraka. Rafiki anamtumia faili, tovuti inapendeza, mteja analipa.

Miezi ikipita, simu inalia. Wanaolitafuta duka kwenye Google wanajikuta kwenye kamari. Fundi anaandika anwani mwenyewe, haoni kasoro, anamwambia mteja tatizo ni simu yake. Hapo ndipo tunapokwama kila mara, maana msimbo uliofichwa ndani ya themu hiyo hutazama kwanza mgeni ametoka wapi. Aliyetoka Google hupotoshwa. Aliyeingia kama msimamizi huonyeshwa ukurasa safi.

Mwaka 2014, kampuni ya Fox-IT ya Uholanzi ilifichua msimbo hasidi uitwao CryptoPHP, uliojibanza ndani ya themu na plagini za namna hii, kwa mifumo yote mitatu. Faili yake iliitwa social.png: jina la picha, ndani msimbo wa PHP. Baadaye ikaja WP-VCD, ambayo ikishaingia hujiandika katika functions.php ya themu nyingine zote, kisha huvukia tovuti jirani zilizo kwenye akaunti hiyo hiyo ya hosti. Ndiyo maana kufuta themu iliyoileta hakusaidii. Nasi tumezoea kuwarundika wateja wote katika akaunti moja ili kupunguza gharama!

Sisemi kama mwanasheria, wala simwiti yeyote mwizi. GPL inaruhusu mengi kunakiliwa. Hatari ni kwamba hujui nani aliifungua faili hiyo kabla yako.

Napendekeza themu na plagini zitoke WordPress.org au kwa mtengenezaji mwenyewe. Za bure zilizoko huko zinalitosha duka la fanicha. Mteja akitaka ya kulipia, bei ya leseni iandikwe kwenye ankara, peke yake, aione.

Napendekeza kila mteja awe na akaunti yake ya hosti.

Tovuti ya WordPress ikishaingiliwa, tusiwinde faili moja moja. Weka upya mfumo, themu na plagini kutoka chanzo rasmi. Soma wp-config.php mstari kwa mstari. Folda ya uploads isibaki na faili yoyote ya PHP. Kagua wasimamizi usiowajua na kazi zilizopangwa kujiendesha, kwani mara nyingi ndizo zinazourudisha uchafu. Kisha badilisha nywila zote, ya hifadhidata ikiwemo, pamoja na funguo za siri za wp-config.php.

Nakala rudufu ikae nje ya seva. Masasisho yasingoje: Februari 2017, waliochelewa kuhama toleo la 4.7 na 4.7.1 la WordPress kwenda 4.7.2 waliharibiwa kurasa zao kwa wingi. Themu iliyoondolewa kufuli kwa kawaida haisasishwi na mtengenezaji, na hiyo ni sababu nyingine ya kuiacha.

Shule zinazokusanya taarifa za wanafunzi zikumbushwe Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019: uvujaji wenye hatari ya kweli ya madhara huripotiwa kwa Kamishna wa Data ndani ya saa 72.

Mwisho, kwa heshima zote kwa vyuo vinavyofundisha kazi hii: wakufunzi waache kuwagawia wanafunzi folda za themu zilizoondolewa kufuli siku ya kwanza ya darasa. Nimelisema hili katika vikao vingine na ninalirudia, kwa sababu tovuti nyingi ninazoletewa kusafisha zilianzia kwenye folda hizo.