Chubwi la Mshipi
(Maneno ya Katibu katika sherehe ya miaka kumi)



Wengi wamekwisha kunena leo habari za nazi, mihogo na hesabu za Chama. Sisi twaomba kusema habari za kitu kidogo, nacho ni chubwi la mshipi. Kwa maana wakulima wengi wa pwani yetu, jembe likipumzika, hushika mshipi, na kitoweo cha nyumbani hutoka huko.

Kazi ya chubwi ni kuipeleka ndoana mahali walipo samaki na kuituliza hapo. Likiwa jepesi, mkondo huuchukua mshipi, na chambo hakifiki chini. Likiwa zito kupita kiasi, mkono hausikii samaki anapodonoa. Kwa hiyo uzito mmoja haufai siku zote. Wakati wa maji mafu chubwi dogo latosha. Wakati wa bamvua, mkondo uendapo kwa nguvu, hapana budi kuongeza. Lililo bora ni jepesi kuliko yote ambalo bado hufika chini na kukaa.

Njia za kulifunga ni mbili. Katika ya kwanza, chubwi huwa mwisho wa mshipi, na ndoana hufungwa juu yake kwa vigwe vifupi, ili chambo kisilale juu ya miamba. Katika ya pili, chubwi huwa na tundu, mshipi ukapita ndani yake, na fundo hulizuia lisiteremke hadi kwenye ndoana. Samaki akivuta chambo, mshipi hupita naye hahisi uzito. Penye miamba, lifungeni chubwi la mwisho kwa uzi ulio dhaifu kuliko mshipi. Likinasa, uzi utakatika, nanyi mtapoteza chubwi peke yake. Tena, fundo la nailoni lilowesheni kabla ya kulikaza, kwani likikazwa kavu hupata joto na kudhoofika.

Sasa twafika kwenye jambo lililotusimamisha hapa. Aghalabu chubwi hutengenezwa kwa madini ya risasi, na wako wanaoyatoa katika betri kuukuu za magari na kuyayeyusha nyumbani. Risasi huyeyuka kwa joto la digrii 327 za Selsiasi, basi moto wa kuni watosha. Walakini moshi na vumbi lake ni sumu, na watoto ndio wanaodhurika zaidi, kwa kuwa huharibu ubongo unaokua. Shirika la Afya Duniani lasema kwamba hakuna kiasi cha risasi mwilini kijulikanacho kuwa salama. Nchini Uingereza, mwaka 1987, uuzaji wa machubwi ya risasi ya uzito wa gramu 0.06 hadi 28.35 ulikatazwa, kwa kuwa mabata-maji wakubwa walikuwa wakiyameza na kufa.

Je, tutavua kwa nini? Wazee walitumia jiwe, nalo lafaa. Ila jiwe likiwa majini hupungukiwa uzito kwa zaidi ya theluthi moja, hivyo lazima liwe kubwa. Chuma hupungukiwa kiasi cha sehemu moja katika nane tu, na risasi sehemu moja katika kumi na moja. Tofauti ya hivi viwili ni ndogo. Nati kuukuu au kipande cha nondo chatosha kabisa. Kikishika kutu, kibadilisheni.

Kwa hiyo twawaombeni, wanachama wenzetu: risasi isiyeyushwe tena jikoni wala uani, na sufuria iliyokwisha kuyeyushia risasi isipikiwe kamwe. Twaiomba pia Halmashauri ikubali kila chama cha msingi kikusanye vipande vya chuma na kuwagawia wavuvi wake. Gharama yake ni ndogo, na faida yake ni afya za watoto wetu, ambao ndio watakaosoma hesabu za miaka kumi ijayo.