Mbiu Isiyonyamaza: Mama, Kukoma Hedhi na Sukari Mwilini

KIPINDI CHA AFYA YA FAMILIA
Mazungumzo ya muuguzi

(Muziki wa kipindi. Unashuka taratibu.)

MTANGAZAJI: Leo tunazungumza na mama zetu ambao wameacha kupata hedhi, na tunazungumza pia na watoto na wajukuu wanaoishi nao. Muuguzi wetu, karibu.

MUUGUZI: Asante sana. Mama zangu, shikamooni. Baba zangu, msiondoke kwenye redio, haya yanawahusu na ninyi.

Nianze na mfano. Tuseme yuko mama mmoja, tumwite Mama Zawadi. Ana miaka 54. Alipofika kambini alikuwa bado anapata siku zake. Sasa ni miaka mitatu hajaziona. Usiku anaamka mara nne kwenda chooni. Mchana ana kiu. Kidonda kidogo cha mguuni, alichopata alipojikwaa kwenye kuni, kina mwezi wa pili hakijafunga. Jirani anamwambia, "Hiyo ni hedhi iliyokoma, damu imebaki ndani." Mwingine anasema ametupiwa kitu. Mama Zawadi ananyamaza, anakunywa maji, anangoja.

Leo nataka tumsaidie Mama Zawadi asiendelee kungoja.

Kwanza tuliweke sawa hili. Kukoma hedhi si ugonjwa. Wanawake wengi hukoma hedhi kati ya miaka 45 na 55. Mwanamke akikaa miezi 12 mfululizo bila hedhi, na hana sababu nyingine kama mimba au dawa za uzazi wa mpango, tunasema hedhi imekoma. Hakuna damu iliyobaki ndani. Mayai yamekwisha kazi yake, na homoni inayoitwa estrojeni imepungua sana.

Estrojeni hiyo haikuwa na kazi ya uzazi peke yake. Ilisaidia mifupa na mishipa ya damu. Ilifanya mafuta ya mwili yakae zaidi kwenye mapaja na makalio. Inapopungua, mafuta huanza kuhamia tumboni, ndani kabisa, karibu na ini na matumbo. Ndiyo maana mama anaweza kusema, "Sijaongeza chakula, lakini kitenge hakinifungi tena kiunoni." Hasemi uongo. Umri nao huchangia, kwa sababu misuli hupungua kadiri miaka inavyokwenda.

Sasa sikilizeni vizuri, hapa ndipo penye jambo.

Tukila ugali, wali au mihogo, chakula hicho hugeuka sukari ndani ya damu. Kongosho, kiungo kilicho nyuma ya tumbo, hutoa insulini. Insulini ni kama mgeni anayepita nyumba kwa nyumba akibisha hodi. Kila seli ya misuli ikisikia hodi, inajibu karibu, inafungua mlango, na sukari inaingia kuwa nguvu. Sukari ya damu inashuka, mwili unafanya kazi.

Lakini mwili una wapiga mbiu pia. Wahenga walisema, mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Ukipata kidonda au malaria, askari wa kinga ya mwili hutoa protini ndogo ndogo za kupeleka habari: "Adui ameingia! Njooni!" Protini hizo huitwa saitokini. Moja inaitwa TNF, nyingine inaitwa interlukini-6. Ni protini nzuri, bila hizo tusingepona hata mafua. Adui akishindwa, mbiu hunyamaza.

Shida ni mafuta ya ndani ya tumbo. Mafuta hayo hayakai kimya kama mafuta ya kwenye chupa. Yakizidi, askari wa kinga huingia ndani yake na kuanza kupiga mbiu. Hakuna adui, lakini mbiu inalia, kwa sauti ya chini, usiku na mchana, mwezi baada ya mwezi. Estrojeni ilikuwa inasaidia kuituliza. Sasa imepungua.

Fikiria uko ndani ya nyumba yako ya turubai na nje mbiu inalia siku nzima. Mgeni akibisha hodi utamsikia? Ndivyo inavyotokea kwa seli. Insulini inabisha, seli haisikii. Sukari inabaki barabarani, yaani kwenye damu. Kongosho linatuma wageni wengi zaidi wabishe kwa nguvu zaidi. Hali hiyo tunaiita usugu wa insulini. Inaweza kuendelea miaka mingi bila dalili yoyote. Siku kongosho litakapochoka, sukari itapanda na kubaki juu. Hicho ndicho kisukari cha aina ya pili.

Haya hayakubuniwa. Mwaka 1993, huko Marekani, Gökhan Hotamisligil, Bruce Spiegelman na wenzao walionyesha kwamba mafuta ya panya wanene yanatoa TNF kwa wingi. Walipoizuia protini hiyo, insulini ya panya hao ikafanya kazi vizuri zaidi. Kwa binadamu, kuzuia protini hiyo moja hakukutosha kuponya kisukari, maana wapiga mbiu ni wengi. Kwa hiyo asije mtu kukuuzia kidonge cha kunyamazisha mbiu. Njia iliyothibitika ni nyingine, na sehemu yake kubwa iko mikononi mwetu.

(Muziki mfupi.)

Mwaka 2002, Marekani tena, yalitolewa majibu ya utafiti wa watu zaidi ya 3,000 waliokuwa karibu kupata kisukari. Waliopunguza uzito kidogo na kufanya mazoezi ya dakika 150 kwa wiki walipunguza hatari ya kupata kisukari kwa asilimia 58. Waliopewa vidonge vya metformini walipunguza kwa asilimia 31. Na wenye miaka 60 na zaidi ndio waliofaidika zaidi na mazoezi na chakula. Mama, hujachelewa.

Najua mtaniuliza, "Muuguzi, mazoezi gani, na mimi ni mkimbizi?" Nisikilizeni. Msuli unapofanya kazi, unafungua mlango wa sukari wenyewe, hata kama hausikii hodi ya insulini. Kutembea kwa miguu dakika 20 au 30 kila siku kunatosha kuanza. Hata dakika 10 baada ya kula zinasaidia. Keti kwenye kigoda, simama, keti tena, mara kumi, asubuhi na jioni.

Na hapa nazungumza na watoto. Sisi tukimheshimu mama tunamkalisha. "Mama pumzika, maji tutachota sisi, shamba tutalima sisi." Ni adabu nzuri, lakini mama anayekaa kwenye mkeka kuanzia asubuhi hadi jioni, misuli yake inakwisha. Mpunguzieni kidumu kizito, msimnyang'anye kutembea. Mpeni kidumu kidogo, mtembee naye hadi bombani. Hiyo ni heshima pia.

Chakula. Najua posho haichaguliwi, na mara nyingine inapunguzwa. Sitawaambia mnunue nyama na matunda ya sokoni. Nawaambia hivi: punguza tonge la ugali, ongeza maharage na mboga. Maharage hayapandishi sukari haraka kama unga. Ikikubidi kubadilisha chakula upate sabuni, afadhali utoe sehemu ya unga kuliko maharage. Lengalenga, sombe na matembele hukua hata kwenye bustani ya gunia mlangoni. Ndagala wachache wanatosha. Chai, inywe bila sukari au punguza kijiko kimoja kila wiki mpaka uzoee. Soda iache.

Vidonda na meno yaliyooza yatibiwe mapema. Kila maambukizi huongeza sauti ya mbiu, na sukari hupanda. Kikohozi kikizidi wiki mbili nenda ukapimwe kifua kikuu, kwa sababu mwenye kisukari hukipata kwa urahisi zaidi. Tumbaku iacheni.

Nani apimwe sukari? Mwenye kiu isiyoisha, anayekojoa mara nyingi, mwenye macho yenye ukungu, ganzi miguuni, muwasho sehemu za siri, au kidonda kisichopona. Na hata asiye na dalili, kama kiuno chake kimezidi sentimita 80, au mzazi au ndugu yake ana kisukari, au aliwahi kuwa na sukari wakati wa ujauzito. Wembamba nao wapimwe wakiwa na dalili, kisukari hakichagui wanene tu. Kipimo ni tone la damu ya kidole. Kwa aliyefunga kula tangu usiku, 7.0 au zaidi ni dalili ya kisukari, na kipimo hurudiwa siku nyingine kuhakikisha. Mashine nyingine husoma 126, ni kiasi kile kile.

Joto la ghafla linalopanda kifuani hadi usoni na kupita baada ya dakika chache ni la kukoma hedhi. Lakini usijiamulie. Ukihisi homa, pima malaria kabla ya kumeza dawa. Na damu ikitoka tena ukeni baada ya mwaka mzima bila hedhi, hata tone, nenda kliniki wiki hiyo hiyo. Hiyo si hedhi iliyorudi.

La mwisho ni kwa wanaotumia dawa tayari. Msigawane vidonge, na msiache kwa sababu mmejisikia vizuri. Metformini imezwe pamoja na chakula. Mkitapika au kuharisha sana, njooni kliniki haraka. Anayetumia glibenklamidi au sindano ya insulini, siku ambayo hakuna chakula nyumbani aje atuambie kabla ya kutumia dawa, kwa sababu dawa hizo juu ya tumbo tupu huweza kushusha sukari kupita kiasi. Akitetemeka, akitoka jasho au akaanza kuchanganyikiwa, apewe vijiko vidogo vitatu au vinne vya sukari kwenye maji. Akiwa amezimia, msimtie kitu mdomoni, mbebeni mara moja hadi hospitali. Kusema "leo sijala" mbele ya muuguzi si aibu. Kunaokoa maisha.

Mama Zawadi wetu yeye akaenda. Alisindikizwa na mjukuu. Akapimwa, sukari ikaonekana, kidonda kikasafishwa. Hakuna aliyemtupia kitu. Mwili wake ulikuwa ukilia mbiu kwa miaka, na sasa kuna aliyeisikia.



MTANGAZAJI: Asante, muuguzi. Mwenye swali amwone mhudumu wa afya wa mtaa wake. Kwaherini mpaka wiki ijayo.

(Muziki wa kipindi.)

KWA VIKUNDI VYA USIKILIZAJI
1. Katika mtaa wetu, mama akiacha kupata hedhi, watu husema nini? Lipi ni kweli, lipi si kweli?
2. Ni kazi gani tumewanyang'anya mama zetu kwa kuwaheshimu? Ipi tunaweza kuwarudishia?
3. Nani kati yetu atamsindikiza jirani kupima sukari wiki hii?