Kuchagua Baiskeli ya Kwenda Kazini na ya Safari za Jumamosi

Nimeombwa niseme nanyi jioni hii juu ya jambo ambalo kwa wengi wetu si la mchezo, maana lagusa mfuko, na mara nyingine lagusa hata uhai. Nalo ni kuchagua baiskeli mpya. Sisemi habari ya baiskeli ya mashindano, wala ya kumchezesha mtoto. Nasema habari ya baiskeli ya mtu mzima mwenye kazi, aiendeshaye siku tano kwenda kazini na kurudi, na ifikapo Jumamosi ataka imfikishe nyumbani kwa mama yake, au imtembeze tu kwa kuufurahisha moyo.

Yuko jirani yangu mmoja aliyeniruhusu niwasimulie habari yake, mradi nisimtaje jina. Hukaa Githurai, na kazi yake iko mjini Nairobi, mwendo wa kilomita 13 hivi. Hesabu yake aliipiga vema. Nauli ya kwenda na kurudi ilikuwa shilingi 100 kwa siku. Katika mwezi wenye siku 22 za kazi ni shilingi 2,200. Basi baiskeli ya shilingi 17,600 ingejilipa kwa muda wa miezi minane. Hesabu hiyo haikuwa na kosa. Kosa lilifanyika dukani. Huko aliona baiskeli yenye springi mbele na springi nyuma, rangi yake nyekundu na ya fedha, gia 21, na tairi nene zenye meno kama za trekta. Akailipia pale pale.

Mwezi wa tatu springi ya nyuma ilianza kulegea na kulia kama mlango mbovu, na kila alipokanyaga pedali sehemu ya nguvu zake ilimezwa na springi badala ya kufika kwenye gurudumu. Tairi zile zilinguruma juu ya lami na kumchosha bure. Madigadi haikuwa nayo, kwa hiyo siku za mvua alifika kazini na mstari wa matope mgongoni kutoka kiunoni hata shingoni. Keria haikuwa na mahali pa kufungwa. Mwezi wa tano ulipokwisha alikuwa amerudi kwenye matatu, na baiskeli ikatundikwa ukutani, bado yang'aa.

Mtu huyo si mjinga. Aliingia dukani akiwa na picha ya Jumamosi kichwani, akisahau kwamba Jumamosi ni moja na siku za kazi ni tano. Kwa hiyo kabla hujatazama baiskeli yo yote, itazame njia yako. Je, ni ya lami, au ya changarawe, au ya udongo unaonata wakati wa masika? Ina vilima? Utabeba nini: mfuko wa karatasi tu, au debe la maziwa, au mtoto wa shule?

Tuanze na ile tuijuayo sote, baiskeli nyeusi ya fremu ndefu iitwayo blakimamba. Umbo lake si geni. Mwaka 1885 Mwingereza John Kemp Starley alitengeneza huko Coventry baiskeli iitwayo Rover, yenye magurudumu mawili yaliyokaribiana kwa ukubwa, na mnyororo wa kuzungusha gurudumu la nyuma. Na mwaka 1888 John Boyd Dunlop alitoa tairi ya kujazwa upepo. Tangu hapo mambo makubwa yalikwisha kupatikana. Baiskeli za namna hiyo ndizo zilizobeba watu na mizigo kuvuka mpaka wa Busia, hata jina la boda boda likazaliwa. Mimi naiheshimu blakimamba. Lakini ina uzito wa kilo 20 hivi, na gia yake ni moja.

Maana ya gia moja ni hii. Tuseme gurudumu la meno la mbele lina meno 44, na la nyuma lina meno 18. Kila uzungushapo pedali mara moja, gurudumu la nyuma huzunguka karibu mara mbili na nusu, na baiskeli husogea mita tano na zaidi. Katika nchi tambarare kama uwanda wa Kano kule Ahero, au pwani ya Malindi, huo ni mwendo mzuri kabisa. Lakini mpeleke mtu huyo huyo kwenye miinuko na mabonde ya Kiambu au Murang'a, naye atashuka na kuisukuma kila kilima. Nairobi iko mita 1,800 hivi juu ya bahari, na Limuru iko zaidi ya mita 2,200. Tofauti hiyo yote ni miguu yako itakayoilipa. Baiskeli yenye gia nyingi hukuwezesha kuweka meno 28 mbele na 28 nyuma, usogee mita mbili tu kwa mzunguko mmoja. Ni polepole, lakini unapanda umekaa. Kwa kazi hiyo gia saba zatosha kabisa zikiwa zimechaguliwa vema, maana kati ya zile 21 nyingi hurudia kazi ya wenzao.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo nawasihi mlisikilize hata kama mengine yote mtayasahau. Ni breki. Baiskeli nyingi za bei rahisi zina rimu za chuma kilichopakwa kromu kinachong'aa. Wakati wa jua hushika vizuri. Mvua ikinyesha, kromu hiyo huwa kama sahani iliyopakwa mafuta. Raba za breki huteleza juu yake, na baiskeli huendelea kwenda kana kwamba hujaishika breki. Rimu za alumini zikilowa hushika vema kuliko hizo, nazo huweza kutambulika kwa sababu ni nyepesi, rangi yake si ya kioo, na sumaku hainati juu yake. Nenda dukani na kipande cha sumaku mfukoni; muuzaji akicheka, na acheke. Mtu ashukaye kila jioni kutoka matuta ya Kiambu katika mvua za Aprili, nyuma yake kuna lori na mbele yake kuna watoto watokao shule, huyo hana haki ya kununua rimu za kromu kwa sababu ya urembo. Tena jifunzeni kuitumia breki ya mbele pamoja na ya nyuma, mwili ukiusukuma nyuma kidogo. Wengi huiogopa, na hali hiyo ndiyo yenye nguvu zaidi ya kusimamisha.

La pili ni namba ya tairi, na hapa lazima nikiri ujinga wangu mwenyewe. Nilipata kununua baiskeli iliyokwisha tumika ng'ambo, nyepesi na nzuri, tairi zake zimeandikwa 26 × 1⅜. Nikasema moyoni kwamba 26 ni 26. Jumamosi moja nilikuwa njiani kwenda Githunguri, tairi ya nyuma ikapasuka ubavuni. Nikaisukuma mpaka sokoni, nikamkuta fundi mzee ameketi chini ya mwavuli, na tairi za 26 zimetundikwa tele nyuma yake. Akashusha moja, akajaribu kuivalisha, ikakataa. Akajaribu ya pili. Kisha akanitazama akasema, "Kijana, hii yako ni ishirini na sita ya nchi gani?"

"Mzee," nikamjibu, "nami nilidhani zote ni moja."

Si moja. Ukitazama ubavuni mwa tairi utaona namba nyingine ndogo, mathalan 50-559 au 37-590. Namba ya kwanza ni unene wa tairi kwa milimita. Ya pili ni upana wa rimu pale tairi inapokalia, toka upande huu hata upande wa pili. Tairi ya 26 ya baiskeli zile ziitwazo za milimani ni 559. Tairi yangu ilikuwa 590. Tofauti ni milimita 31 tu, nayo ilitosha kunizuia. Blakimamba ya 28 × 1½ ni 635. Na baiskeli za siku hizi ziitwazo 29 ni 622, sawasawa na zile za 700C, ijapokuwa majina ni mbali mbali. Fundi yule aliushona mpasuko kwa kipande cha tairi kuukuu, nikarudi nyumbani taratibu nikiomba kila jiwe linipishe.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa fedha, isomeni ile namba ya pili, mwende kwa fundi wa mtaani kwenu na kwa fundi wa kule kijijini muendako Jumamosi, mkawaulize kama wanayo tairi ya namba hiyo. Kwa wengi wetu jibu litakuwa 559 au 635. Yaulizeni vile vile maswali hayo hayo juu ya breki za sahani zinazopendwa sana sasa: je, vipande vyake vya kubadilisha vyapatikana hapa, au itabidi kungoja?

Kimo cha baiskeli watu hukipuuza, kisha wakalaumu magoti. Simama ukiwa umeipita fremu katikati ya miguu, nyayo zote mbili chini. Pawe na nafasi ya vidole vitatu au vinne kati yako na bomba la juu. Pasipokuwa na nafasi, baiskeli hiyo si yako, hata kama muuzaji amebakiwa na hiyo moja tu. Kisha keti, weka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa; mguu unyooke. Utakapoendesha kwa sehemu ya mbele ya unyayo, goti litabaki limekunjika kidogo, ndivyo itakiwavyo. Akina mama wanaovaa rinda na watafute fremu iliyoinama katikati, tena wenye kichukuzi cha mtoto wataiona afadhali kwa kupanda na kushuka.

Zaidi ya hayo inua kila gurudumu, ulizungushe, utazame kama layumba. Shika breki ya mbele, uisukume baiskeli mbele na nyuma; ukisikia mgongo wa chuma kwa chuma kwenye usukani, mwambie muuzaji akaze kwanza. Baiskeli mpya hulegea spoku na waya zake katika wiki za kwanza, basi irudishe kwa fundi baada ya mwezi mmoja. Na nyinyi mnaojitengenezea wenyewe kumbukeni kwamba pedali ya kushoto hufunguliwa kwa kuzungushwa upande ule ambao nati nyingine hukazwa. Nimeona mikono mingi ya pedali iliyoharibika kwa sababu ya kutojua hilo tu.

Mkiniuliza mimi ningechagua nini kwa njia ya Githurai na vilima vya Kiambu, nitasema baiskeli ya tairi 559, isiyo na springi nyuma, na ikiwezekana hata mbele. Rimu za alumini, gia saba au kidogo zaidi, madigadi mbili na keria imara. Tairi ziwe laini, unene wa milimita 45 au 50. Tairi za namna hiyo huteleza vizuri kwenye njia za pembeni za barabara ya Thika, ile iliyofunguliwa mwaka 2012 baada ya kupanuliwa, na Jumamosi zitawapitisha katika msitu wa Karura pasipo taabu. Jirani yangu alikuja kuniona juma lililopita. Ameuza ile nyekundu kwa hasara, akanunua iliyotumika ya namna hii niliyoieleza, na sasa anaweka akiba aende Naivasha, kwenye mbuga ya Hell's Gate, ambako mtu huruhusiwa kuendesha baiskeli kati ya punda milia na twiga. Vumbi la kule ni jingi, nimemwambia achukue mafuta ya mnyororo.

Baiskeli yangu iko hapo nje, imeegemezwa kwenye mti. Atakaye kujipima kimo cha kiti na aje sasa, kabla jua halijatua. Sumaku nayo ninayo mfukoni.