Ardhi ya Makazi Kilifi: Mpango Utangulie Ujenzi
(Hotuba kwa baraza la wananchi)



Kuanzia Mtwapa hadi Kikambala, mashamba ya minazi na mikorosho yanakatwa kuwa viwanja vya futi 50 kwa 100, takriban sehemu ya nane ya ekari. Sababu inaeleweka. Mombasa imejaa, barabara ya kutoka huko hadi Kilifi inapanuliwa, na mfanyakazi wa mjini anatafuta mahali pa kujenga kwake. Mahitaji hayo hayaonyeshi dalili ya kupungua.

Tatizo ni kwamba kiwanja huuzwa kwa siku moja, lakini maji na njia huchukua miaka. Visima vya Baricho, kando ya Mto Sabaki, ndivyo vinavyolisha Malindi, Kilifi na sehemu ya Mombasa. Shamba lililokuwa na boma moja likijengwa nyumba thelathini, bomba la zamani halitoshi, na watu huchimba visima. Pasipo na mfumo wa majitaka, kila nyumba huchimba choo pia. Mwamba wa matumbawe una matundu mengi, hivyo uchafu hupenya upesi. Katika viwanja vidogo, kisima cha mmoja kiko hatua chache kutoka choo cha jirani. Gharama hiyo haiandikwi kwenye mkataba wa mauzo. Familia huilipa hospitalini.

Ndiyo maana Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019 inataka kibali cha kaunti kabla ya kugawa shamba, kubadilisha matumizi yake au kujenga. Kibali huhakikisha njia, mitaro na nafasi ya huduma za umma zimetengwa kwenye ramani.

Mnunuzi naye ana kazi yake kabla ya kutoa pesa:

• Afanye upekuzi wa hati katika masjala ya ardhi. Hati ikiwa bado kwa jina la marehemu, mirathi imalizwe kwanza.
• Aende na mpimaji aliyesajiliwa, aone vigingi vya mipaka na njia ya kuingilia.
• Aulize kibali cha ugawaji. Ahadi ya mdomo si kibali.
• Kwa shamba la kilimo, idhini ya Bodi ya Udhibiti wa Ardhi iombwe ndani ya miezi sita ya mkataba. Bila idhini hiyo mauzo ni batili, hata kama pesa zimelipwa zote.

Muuzaji pia afikirie. Njia isiyoachwa leo, kesho haipatikani ila kwa kubomoa nyumba ya mtu, na gari la wagonjwa au la zimamoto halitasubiri kesi iishe mahakamani.

Mwenye shaka afike ofisi ya ardhi na mipango ya kaunti kabla ya kutia sahihi.