Abiria Akienda, Kazi Nayo Huenda

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa Kisii na Nyamira)



Wengine watauliza: Sisi watu wa Kisii na Nyamira tuna habari gani na ndege? Nawajibu: Wengi wetu twafanya kazi katika mashirika ya umma. Yaliyowapata wenzetu wa ndege yaweza kutupata sisi.

Tazameni jirani zetu wa Tanzania. Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilipovunjika mwaka 1977, serikali yao ilianzisha Air Tanzania. Mwaka 1993 watu binafsi wakaanzisha Precision Air huko Arusha, kwa ndege ndogo tu. Mwaka 2002 serikali ikawauzia Afrika Kusini asilimia 49 ya Air Tanzania. Ushirika huo ukavunjika mwaka 2006. Desemba 2008 shirika likanyang'anywa kibali cha kuruka kwa muda. Fastjet ilipofika mwaka 2012 na nauli za chini, ndege za Air Tanzania zilihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Abiria walikuwa wamekwisha kwenda kwingine.

Je, abiria ni msaliti? Hata kidogo. Mkulima wa chai wa Nyamira akimwuzia majani mnunuzi anayelipa papo hapo, ni kwa sababu karo yataka kulipwa leo, naye hawezi kungojea bonasi. Abiria ni vivyo hivyo. Safari yake ni ya leo.

Sasa, ni nani aliyepunguza ndege? Si mpakia mizigo, wala fundi, wala mkata tiketi. Mambo hayo huamuliwa na wakubwa. Lakini hesabu ikiharibika, kalamu huanza kufuta majina ya wadogo. Hapa kwetu, Kenya Airways, ambayo serikali iliuza sehemu yake kubwa mwaka 1996, iliachisha kazi watu karibu 600 mwaka 2012, na chama chao kikaenda mahakamani. Je, hasara ilikoma? Katika mwaka wa hesabu ulioisha Machi 2016, hasara ilipita shilingi bilioni 26. Basi kufukuza watu peke yake si dawa.

Wala fedha peke yake si dawa. Tangu mwaka 2016 Tanzania ilinunua ndege mpya, na abiria wakarudi. Hata hivyo Mkaguzi Mkuu wa Hesabu aliendelea kuripoti hasara.

Ndugu zangu, tufanye mambo matatu.

Kwanza, tudai kuonyeshwa hesabu mapema, kabla nyumba haijaungua.

Pili, tuijue haki yetu. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 40, yamtaka mwajiri anayepunguza wafanyakazi akipe chama habari kwa maandishi, pamoja na sababu, si chini ya mwezi mmoja kabla. Tena kila mwaka uliotimia kazini hulipwa si chini ya mshahara wa siku 15.

Tatu, tuwahudumie watu kwa wakati na kwa adabu. Mwananchi aliyengojeshwa kutwa nzima mbele ya dirisha letu hatatutetea siku ya kufukuzwa. Aliyehudumiwa vizuri atasema, "Hawa waacheni, twawahitaji."

Hiyo ndiyo ngao yetu.